Germigny-des-Prés: kanisa lililobomolewa na waliolipenda

Mwaka 1876 mafundi walimaliza kazi ya miaka tisa katika kijiji cha Germigny-des-Prés, mkoani Loiret, katika bonde la mto Loire nchini Ufaransa. Kanisa la parokia walilolikabidhi lilikuwa imara na safi, kuta zimenyooka, mawe yamepangwa vizuri. Kwa sehemu kubwa lilikuwa pia kanisa jipya. Jengo lililosimama tangu enzi za Charlemagne, yaani Karolo Mkuu, mfalme wa Wafranki, lilikuwa limeteremshwa na kujengwa upya. Kilichobaki cha karne ya 9 ambacho mtu anaweza kukiamini ni apsi ya mashariki, yaani kijumba cha mviringo chenye altare, na mozaiki iliyo ndani yake, picha ya vipande vidogo vya kioo, pamoja na mabaki ya hapa na pale.

Kisa hiki kinaniuma kwa sababu hakina adui. Hakikuwa kitendo cha vita wala cha wanamapinduzi, na hakuna mfanyabiashara aliyetaka kiwanja. Waliolibomoa ni walezi wa majengo ya kale wenyewe, nao waliona wanaliokoa. Jengo lilikuwa tayari limeingizwa katika orodha ya kwanza ya kitaifa ya majengo ya kihistoria, ile ya mwaka 1840. Kusema tu kwamba msanifu, Juste Lisch, alikuwa mharibifu ni rahisi mno, na si haki kwake. Inabidi tuangalie kwanza kilikuwepo nini, ndipo tujue kilipotea nini na kosa liliingilia wapi.

Askofu kutoka kusini

Theodulf alikuwa Mvisigoti, mtu wa upande wa Hispania, aliyepanda kaskazini na kupata nafasi katika baraza la Charlemagne kwa sababu ya elimu yake na kalamu yake. Kufikia mwaka 798 alikuwa askofu wa Orléans. Alipewa pia uabati wa Fleury, abasia ambayo leo iko Saint-Benoît-sur-Loire, kilomita chache tu kutoka Germigny. Katika maagizo aliyowaandikia mapadre wa jimbo lake, aliwataka wafungue shule hadi vijijini, wawapokee watoto wa waumini bila kudai ada, na wasichukue chochote isipokuwa kile ambacho wazazi watatoa kwa hiari yao. Agizo la namna hiyo, miaka 1,200 iliyopita, linatosha kumweka Theodulf katika kundi la maaskofu wachache sana.

Germigny palikuwa nyumbani kwake pa shamba. Alijenga jumba la kupumzikia, na pembeni kanisa dogo kwa sala zake na za watu wake. Mwaka unaotajwa ni 806, kutokana na maandishi yaliyochongwa ndani ya kanisa. Wataalamu wamebishana kama maandishi hayo ni ya kale kweli au yalichongwa baadaye, lakini tarehe yenyewe inakubaliana na maisha yake. Kanisa halikuanza kama parokia, basi. Lilikuwa kanisa la faragha la mtu mkubwa, na kijiji kilikuja kulirithi.

Hakulifaidi muda mrefu. Mwaka 817 alituhumiwa kushiriki uasi wa Bernard, mfalme wa Italia, dhidi ya kaisari Louis Mcha Mungu. Mwaka uliofuata akavuliwa uaskofu na kufungwa Angers, na akafariki mnamo 821. Wimbo wa Kilatini *Gloria, laus et honor*, unaoimbwa kwenye maandamano ya Jumapili ya Matawi, ni utungo wake. Kwa hiyo yuko Mkristo wa Afrika Mashariki aliyekwisha kuimba maneno ya Theodulf bila kujua kwamba mtunzi wake aliwahi kujenga kanisa kando ya Loire.

Mraba, nguzo nne, mnara

Ramani ya kanisa hili inaweza kuelezwa bila mchoro. Chukua mraba, ugawe vyumba tisa, tatu kwa tatu. Kwenye pembe nne za chumba cha katikati simamisha nguzo nne nene, za mraba. Juu ya chumba hicho inua mnara wenye madirisha ili mwanga ushuke katikati ya kanisa. Vyumba vinne vinavyogusa cha katikati viwe virefu kuliko vile vinne vya pembeni, na hapo msalaba utajitokeza wenyewe ndani ya mraba. Mwisho, kwenye kila upande toa apsi, kijumba cha mviringo kinachotokeza nje ya ukuta. La mashariki ndilo lenye altare.

Kinachomshangaza mgeni ni matao yake. Hayaishii kwenye nusu duara, bali yanaendelea kushuka na kujipinda kuelekea ndani, kama kwato ya farasi. Apsi nazo zimechorwa hivyohivyo ardhini. Msomaji wa pwani yetu akiliona tao la namna hiyo atawaza msikiti, na wengi Ulaya huwaza hivyo pia. Lakini Wavisigoti walilitumia Hispania kabla Waislamu hawajavuka bahari mwaka 711. Kanisa la San Juan de Baños, lililotabarukiwa mwaka 661 kaskazini mwa Hispania, bado linasimama na matao hayo. Theodulf alikuja na tao la kwao.

Ramani yenyewe ina ndugu mbali zaidi. Wachunguzi wameilinganisha na kanisa kuu la Etchmiadzin huko Armenia, lenye mraba, nguzo nne na apsi pande nne. Sioni haja ya kumtafuta fundi Mwarmenia aliyesafiri hadi Loire. Majengo ya kundi hili yalikuwepo mengi kandokando ya Mediterania, na mtu aliyesoma kama Theodulf aliweza kuyajua kwa njia zaidi ya moja.

Katika karne ya 10 Letaldus, mtawa wa abasia ya Micy karibu na Orléans, aliandika kwamba Theodulf alijenga kanisa hili kwa kuiga lile la Aachen, kanisa la ikulu ya Charlemagne. Watu wamekuna vichwa kwa neno hilo, kwa sababu Aachen ina pembe nane na Germigny ni mraba. Mimi naona Letaldus alijua alichokisema. Hakuwa anapima kwa rula. Kanisa linalojikusanya kuzunguka kitovu chake, lenye mnara wa mwanga katikati, marumaru chini na mozaiki juu, lililojengwa na mtu wa mfalme kando ya jumba lake: kwa macho ya mtawa wa wakati ule, huko ndiko kufanana.

Na marumaru ilikuwepo. Masimulizi ya abasia ya Fleury yanaeleza sakafu ya marumaru, maua yaliyotengenezwa kwa lipu, na mozaiki. Yanataja pia maandishi ya herufi za fedha yaliyozunguka chini ya mnara, ambamo Theodulf anasema ameliweka wakfu hekalu hili kwa heshima ya Mungu, na anamwomba kila atakayefika amkumbuke. Fedha ile haipo tena. Maneno yamebaki kwa kuwa mtawa aliyanakili.

Sanduku juu ya altare

Sasa tupande hadi kwenye kitu ambacho kisa kizima kinakizunguka. Ndani ya nusu kuba ya apsi ya mashariki kuna mozaiki ya vipande vidogo vya kioo, buluu, kijani, dhahabu na fedha. Katikati mtu angetarajia Kristo kwenye kiti cha enzi, au Bikira Maria, maana ndivyo makanisa ya Roma na Ravenna yalivyopambwa. Hapa pana Sanduku la Agano. Ni kasha la dhahabu lenye miti ya kubebea, na juu yake makerubi wawili wadogo. Kushoto na kulia wamesimama malaika wawili wakubwa, mabawa yamepanuka hadi kugusana karibu na kilele, mikono yao ikielekeza chini kwenye Sanduku. Kati yao unashuka mkono wa Mungu kutoka mbinguni, na katika kiganja hicho wapo walioona alama ya msumari.

Mwenye kuijua Biblia ataona sura mbili zimewekwa pamoja. Makerubi wadogo ni wale wa Kutoka 25, ambao Musa aliagizwa awaweke juu ya kiti cha rehema. Wakubwa wanafanana na wale wa 1 Wafalme 6, ambao Solomoni aliwasimamisha hekaluni, kila mmoja na urefu wa dhiraa kumi, Sanduku likawekwa chini ya mabawa yao.

Kwa nini picha hii? Theodulf ndiye aliyeandika, mnamo miaka ya 790 hadi 793, jibu refu la Charlemagne dhidi ya Mtaguso wa Pili wa Nisea wa mwaka 787, uliorudisha heshima kwa sanamu na picha takatifu. Hoja yake haikuwa kwamba picha zivunjwe. Zinaweza kupamba na kukumbusha, alisema, lakini zisiheshimiwe kana kwamba zina utakatifu wake zenyewe. Akatoa mfano mkali: mtu ana picha mbili za mwanamke mzuri, zinazofanana kabisa, na hazina jina. Moja ikiandikwa Maria itainuliwa na kubusiwa, nyingine ikiandikwa Venus itatupwa. Rangi ni ileile, mkono wa fundi ni uleule. Kilichobadilika ni maandishi tu. Sanduku la Agano aliliweka mbali na kazi za mikono ya wachoraji, kwa kuwa Mungu mwenyewe ndiye aliyeagiza litengenezwe na litengenezwe vipi.

Kwa hiyo alipopata kanisa lake mwenyewe la kupamba, alichagua kitu ambacho hoja zake zilikuwa zimekiweka juu ya kazi za wachoraji. Na chini ya picha hakusahau kuandika. Utepe wa maneno ya Kilatini unamwambia anayetazama, kwa maana hii: patazame patakatifu na makerubi, hapa lang'aa sanduku la agano la Mungu, nawe uonapo haya, ukitaka kumbishia hodi kwa sala Mungu wa ngurumo, nakusihi lichanganye jina la Theodulf na maombi yako.

Sijui mahali pengine ambapo mabishano ya kitheolojia yamegeuka kuwa dari la kanisa dogo kiasi hiki. Ndiyo maana nikisikia Germigny ikisifiwa kwa uzuri wa mozaiki peke yake nahisi nusu ya habari imeachwa. Ni uzuri wenye hoja.

Karne za kijijini

Mwaka 843 maaskofu walifanya sinodi Germigny, dalili kwamba mahali hapo palikuwa bado na hadhi. Baadaye katika karne hiyohiyo Wanormani, wavamizi kutoka Skandinavia, walipanda mto Loire kwa mashua na kuchoma walivyovikuta, na jumba la Theodulf likateketea. Kanisa lilipona, na baada ya muda likawa la wanakijiji. Kanisa la faragha lenye nafasi ya watu wachache halikuwatosha, kwa hiyo apsi ya magharibi iliondolewa na ukumbi mrefu wa waumini ukaunganishwa mahali pake. Mozaiki ilipakwa chokaa na kusahauliwa. Miaka elfu moja ilipita hivyo, watu wakibatizwa na kuzikwa, mafundi wakiziba nyufa, na hayo ndiyo maisha ya kawaida ya kanisa la parokia.

Mozaiki ilianza kuonekana tena katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Inasimuliwa kwamba watoto wa kijiji walikutwa wakichezea vipande vya kioo cha rangi walivyookota kanisani, na mtu mmoja akauliza vimetoka wapi. Chokaa ikabanduliwa. Katika miaka ya 1840 Théodore Chrétin alipewa kazi ya kuitengeneza mozaiki, na alijaza palipokuwa pamedondoka. Michoro iliyofanywa kabla yake inatofautiana na tunachokiona leo katika baadhi ya mambo, kwa hiyo hata huyo malaika tunayemstaajabia amepitiwa na mikono ya watu wa karne mbili tofauti.

Msanifu na jengo lenye nyufa

Juste Lisch, aliyezaliwa mwaka 1828, hakuwa mtu wa kubahatisha. Ndiye aliyekuja kujenga upya stesheni ya Saint-Lazare jijini Paris katika miaka ya 1880. Alipokabidhiwa Germigny mwaka 1867 alikuta jengo lililochoka, ambalo matengenezo ya awali hayakuwa yamelitibu. Mnara mzito uliobebwa na nguzo nne kwa zaidi ya miaka elfu hauwezi kuchezewa, na mwashi yeyote angeogopa kuondoa jiwe moja bila kujua lipi litafuata.

Tuzingatie pia fikra za wakati ule. Mwaka 1866, mwaka mmoja kabla ya kazi kuanza, Viollet-le-Duc, aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote katika fani hiyo Ufaransa, alichapisha maelezo yake ya maana ya kukarabati. Alisema kukarabati jengo si kulitunza wala kulitengeneza, bali kulirudisha katika hali ya ukamilifu ambayo huenda haikupata kuwepo wakati wowote. Lisch alifanya kazi ndani ya hewa hiyo. Alitaka kulirudishia taifa kanisa la Theodulf, zima, bila uchafu wa karne zilizofuata.

Akabomoa mnara na dari, akabomoa apsi za pembeni na ukumbi wa waumini, kisha akainua vyote upya. Apsi ya mashariki yenye mozaiki iliachwa mahali pake. Mabaki ya lipu ya maua yalitolewa, na kuta za ndani zikabaki na mawe matupu, yenye ukali ambao Theodulf hakuukusudia hata siku moja.

Kosa lilikuwa wapi

Kuteremsha sehemu zilizokuwa zikitishia kuanguka simlaumu. Kuna hali ambapo fundi hana njia nyingine, hata leo. Lakini jengo likiteremshwa kwa sababu hiyo, kila jiwe hupewa namba, hupimwa, huchorwa, na hurudi mahali pake. Haja ya usalama inaruhusu kuteremsha. Haikumruhusu kujenga kwa mawe mapya, wala kurekebisha umbo la jengo pale alipoliona halijakaa sawa. Hapo ndipo kazi ya lazima ilipogeuka kuwa kazi ya matakwa.

Kosa la ndani zaidi lilikuwa kuchagua tarehe moja. Kwa Lisch, Germigny ilikuwa jengo la mwaka 806 na kila kilichokuja baadaye kilikuwa takataka. Lakini mwaka 806 pale hapakuwa na parokia. Parokia iliingia pamoja na ule ukumbi, na viraka vya karne nyingi, na chokaa ileile iliyoifunika mozaiki. Nasema hili kwa uzito: chokaa ya wanakijiji iliitunza mozaiki vizuri kuliko elimu ya wasanifu ilivyowatunza majirani zake ukutani. Aliyeifuta historia ya kijiji ili aipate ya askofu, mwisho wake aliipunguza ya askofu pia, kwa sababu ushahidi wa kazi ya karne ya 9 ulikuwa umefichwa ndani ya viraka hivyohivyo, na ulienda na kifusi.

Na kuna lipu. Hili ndilo linalonisikitisha kuliko yote, labda kwa sababu huzungumzwa kidogo. Msanifu wa karne ya 19 alipenda jiwe, kwa kuwa jiwe lilionekana kuwa ndilo jengo lenyewe na lipu ikawa nguo ya juu tu. Katika kanisa la Theodulf mambo yalikuwa kinyume. Jiwe lilikuwa la kawaida, limejengwa ili lifunikwe. Usanii ulikuwa kwenye lipu, marumaru na kioo. Ukiingia leo unaona kuta tupu na mozaiki moja inayong'aa peke yake mwisho wa kanisa, na unaweza kuondoka ukiamini kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa, utulivu wa mawe na nuru moja. Masimulizi ya Fleury yanasema vingine kabisa. Macho ya mgeni wa karne ya 9 yasingepata mahali pa kupumzika.

Wapo waliokataa njia hii mapema. Uingereza mwaka 1877, mwaka mmoja tu baada ya Germigny kukamilika, msanii na mwandishi William Morris na wenzake waliunda chama cha kutetea majengo ya kale dhidi ya ukarabati wa aina hiyohiyo. Lakini ilichukua hadi mwaka 1964, kwa Mkataba wa Venice, wataalamu wa nchi nyingi kuandika kwa pamoja kwamba ukarabati ukome pale dhana inapoanza, kwamba michango halali ya enzi zote katika jengo iheshimiwe, na kwamba kilichoongezwa kitofautike na cha kale ili ushahidi usighushiwe. Ukiisoma Germigny kwa vifungu hivyo vitatu, inaanguka katika vyote. Sheria hazikuwepo mwaka 1867, ni kweli. Lisch alikuwa na macho, hata hivyo, na lipu ilikuwa mbele yake ukutani.

Upande mmoja nitamtetea. Ramani aliiacha. Aliposimamisha upya zile nguzo nne na matao yake ya kwato ya farasi alifuata mpango wa Theodulf, na anayesimama leo chini ya mnara anapata kuelewa kwa mwili wake jinsi mraba ule unavyofanya kazi: mwanga ukishuka, pembe zikibaki na kivuli, apsi zikivuta macho pande zote. Picha za vitabuni haziwezi kufanya hivyo. Angekubali tu kuacha alama mahali kazi yake inapoanzia, nusu ya malalamiko yangu yasingekuwepo.

Leo jengo ni kanisa la kijiji. Kama makanisa mengi ya parokia ya Ufaransa yaliyojengwa kabla ya sheria ya 1905 ya kutenganisha dini na serikali, majengo ni mali ya umma na waumini wana haki ya kuyatumia kwa ibada. Kwa anayepanga kwenda, ushauri wangu ni kuanzia Orléans, kwenye jumba la makumbusho ya historia na akiolojia, ambako vipande vya lipu ya Germigny vimehifadhiwa. Vitazame kwanza, uone kwa karibu jinsi vilivyochongwa, kisha ndipo uende kijijini ukavirudishe ukutani kwa macho yako. Ukishafika, pita moja kwa moja hadi mashariki, kwa Theodulf, halafu ndipo ugeuke kuiangalia kazi ya Lisch.